Ma Robert ya plaiwudi: jinsi ya kuunda meli ya magurudumu inayotembea majini

Kabla rafadha (propela) haijaenea, meli nyingi za mvuke zilisukumwa na magurudumu mawili makubwa ubavuni, yenye vibao vinavyopiga maji kama makafi. Ninayoipenda kuliko zote ni Ma Robert. Iliundwa na kiwanda cha Laird, Birkenhead, Uingereza, ikaletwa vipande vitatu na kuunganishwa kwenye mlango wa Mto Zambezi mwaka 1858 kwa ajili ya msafara wa David Livingstone. Jina ni la mkewe, Mary, ambaye Watswana walimwita kwa mtoto wake wa kwanza, kama sisi tunavyomwita mtu Mama Neema. Mabati yake membamba yalitobolewa na kutu, injini ilikohoa mpaka Livingstone akaibandika jina la mgonjwa wa pumu, na Desemba 1860 ikazama kwenye fungu la mchanga.

Nimeiunda mara mbili hapa Arusha. Ya kwanza haikutembea. Nawaelekeza namna ya ile ya pili.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito kabla ya kushika msumeno

Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 23 hivi na upana wa mita 2.4. Gawanya kwa 24, unapata sentimita 95 kwa 10. Nataka izame sentimita 3. Zidisha 95 kwa 10 kwa 3, unapata 2,850. Kwa kuwa omo na tezi (ncha ya mbele na ya nyuma) zimechongoka, chukua asilimia 70 yake, karibu 2,000. Kila sentimita moja ya ujazo wa maji ni gramu moja. Kwa hiyo meli nzima, pamoja na betri na rangi, iwe kilo 2. Andika namba hiyo ukutani.

Msisitizo huu una sababu. Meli yangu ya kwanza niliichonga kwa mninga, mti mzuri lakini mzito. Ilizama sentimita 2 zaidi ya nilivyokusudia, magurudumu yakafunikwa na maji karibu mpaka kwenye ekseli. Kibao kilipoingia kiliyakandamiza maji chini, kilipotoka kikayabeba juu. Nguvu yote iliishia hapo. Meli ikawa inarukaruka palepale na betri zinapata moto.

Hatua ya 2: Bodi (mwili wa meli)

Tumia plaiwudi ya milimita 3. Kata mkuku (uti wa mgongo wa meli), kisha mataruma (mbavu zake) 9, uyasimamishe kila baada ya sentimita 10. Mataruma mawili yazibe kabisa, ili bodi igawanyike vyumba vitatu kama meli yenyewe ilivyokuwa na vipande vitatu. Chumba kimoja kikivuja, viwili vinaibeba. Kimo cha ubavu kiwe sentimita 7. Hapo nimeupandisha kuliko vipimo vya asili ili ekseli ipite ndani ya bodi.

Kalafati yake ni rahisi: changanya unga wa msasa na gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, jaza kila mwanya, subiri siku nzima, piga msasa. Halafu rangi ya mafuta mikono mitatu, ndani na nje. Watu husahau ndani.

Hatua ya 3: Magurudumu

Chukua bomba la PVC la inchi 4, lipasue kwa urefu, lizamishe kwenye maji yanayochemka. Likilainika, litandaze kati ya mbao mbili na uweke tofali juu mpaka lipoe. Usilichome kwenye moto, moshi wake ni sumu. Dumu la mafuta ya kula usihangaike nalo, gundi haishiki.

Kwenye bapa hilo kata pete nne za kipenyo cha sentimita 9, zenye mikono 8 kila moja, na vibao 16 vya sentimita 3.5 kwa 1.5. Kila gurudumu ni pete mbili na vibao 8 katikati. Gundi ya mabomba inatosha.

Ekseli ni fimbo ya kuchomelea ya milimita 4, iliyopukutishwa unga wake wa nje. Kwa kuwa inapita juu ya maji, haihitaji kuzibwa kama shafti ya rafadha. Ipitishe sentimita 5.7 kutoka chini ya bodi.

Hatua ya 4: Mota

Tafuta ile mota ya njano yenye giaboksi ya plastiki, ya vigari vya roboti vya wanafunzi, inayotoa shafti pande mbili. Kwa betri nne za volti 1.5 inazunguka kama mara 200 kwa dakika ikiwa haina mzigo, kasi inayotufaa. Iunganishe na ekseli kwa vipande vya mpira wa petroli wa pikipiki, ukazwe kwa waya. Mpira unasamehe ekseli isiyonyooka sawasawa.

Ukitaka mvuke wa kweli, usithubutu kutumia kopo. Boila ya shaba inalehemiwa kwa fedha na kupimwa kwa maji kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Hilo ni somo jingine.

Hatua ya 5: Farumi

Bila farumi, yaani uzito wa kuituliza, meli hii itapinduka, maana ni nyembamba kama mtumbwi. Omba kwa fundi matairi zile risasi kuukuu za kusawazishia magurudumu. Nawa mikono ukishazishika. Weka meli kwenye beseni refu la maji, zipange chini kabisa juu ya mkuku, moja moja. Piga magoti mpaka jicho liwe sawa na maji. Tazama kibao cha chini kabisa: ukingo wake wa juu uwe umefunikwa milimita 3 tu. Ukiona hivyo, zigandishe risasi hapohapo.

Hatua ya 6: Usukani, kisha majini

Usukani uwe mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye picha, kwa sababu maji ya magurudumu yanapita kandokando bila kuugusa.

Mimi naipeleka Ziwa Duluti, Tengeru, asubuhi kabla ya upepo. Vibao vikiwa kwenye kina chake utasikia chap-chap-chap ya haraka, nyepesi. Sauti ikiwa nzito, punguza farumi. Yangu inamaliza mita 10 kwa sekunde 25, ambayo kwa kipimo cha 1 kwa 24 ni sawa na kilomita 7 kwa saa kwa meli kubwa (kasi huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 24, si kwa 24 yenyewe).

Ukirudi nyumbani fungua vifuniko vyote, ianike kivulini, na upake ekseli grisi jioni hiyohiyo.