Choa, majipu na malengelenge: jinsi ya kuyazuia yasimalize timu yako ya mieleka

Ninafundisha mieleka na judo hapa Kisumu, kwenye ukumbi wa kukodi. Mati zetu ni vipande vya sponji vilivyofunikwa turubai. Zamani niliita mkeka, lakini vijana walikuwa wakicheka wakidhani nataka kubeti. Wiki jana kocha mwenzangu wa Nakuru alinipigia akiwa amechanganyikiwa: wachezaji wake watano wana mabaka shingoni na mashindano yako karibu. Nilimweleza hadi kredo ikaniishia. Haya hapa yote, pamoja na yale ambayo sikufika.

Hatua ya 1: Kagua ngozi mlangoni

Kila siku, kabla mtu hajakanyaga mati. Si Jumatatu tu, na si pale mtu anapolalamika. Mwanga wa ukumbi wetu ni hafifu, kwa hiyo natumia tochi ya simu. Angalia shingo, nyuma ya masikio, kichwani, mikono upande wa ndani, kifua, mgongo na nyuma ya magoti. Usoni kaza macho zaidi upande wa kulia, maana wengi wakikabana hulaza kichwa upande huo. Wasichana wakaguliwe na nahodha wao wa kike. Hapo hapo angalia kucha, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio mlango wa kila kitu kinachofuata.

Watu kumi na wanane hunichukua kama robo saa. Ukiona ni muda mwingi, kumbuka kwamba kwenye mashindano ya United World Wrestling, shirikisho la mieleka duniani, daktari hukagua ngozi siku ya kupima uzito na ana mamlaka ya kumtoa mchezaji. Afadhali tatizo ligunduliwe na kocha wake nyumbani.

Hatua ya 2: Jua unachokitazama

Choa, au mashilingi kama tulivyoyaita shuleni, ni kuvu. Picha nyingi za mtandaoni ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha duara jekundu. Kwetu mara nyingi ni la kahawia au kijivu, ukingo wake umeinuka na una magamba, katikati pamesafika kidogo. Pitisha kidole (halafu nawa): ukingo unakwaruza.

Jipu na vidonda vyenye kigaga cha rangi ya asali ni bakteria. Jipu usilitumbue, hasa la usoni. Likiwa kubwa, likiambatana na homa, au ukiona mstari unapanda kutoka kwenye kidonda, hiyo ni kazi ya hospitali leo hii, si kesho.

Malengelenge madogo yaliyosongamana, yakitanguliwa na kuchoma au kuuma, yanaweza kuwa ya kirusi cha herpes. Hiki ndicho kinachoniogopesha zaidi, kwa sababu kikiingia mwilini hakitoki. Hulala, kisha huamka tena. Mwaka 1989, kwenye kambi ya mieleka ya wanafunzi huko Minnesota, Marekani, wachezaji 60 kati ya 175 walikipata. Kikiwa karibu na jicho usingoje chochote. Dawa yake ya vidonge hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema.

Baada ya mvua kuna mtego mmoja. Yule mdudu mwekundu na mweusi tunayemwita Nairobi fly akipondwa kwenye ngozi huacha alama inayofanana sana na malengelenge. Kila mchezaji mwenye malengelenge mwezi wa Aprili ataapa kwamba ni mdudu. Huenda ni kweli. Mimi humweka nje hadi aonwe na daktari. Na tangu mpox ithibitishwe nchini Julai 2024, vipele vyenye usaha pamoja na homa na mitoki iliyovimba sivijadili kabisa: mtu anapelekwa hospitali.

Hatua ya 3: Dawa ya choa, na ile tyubu ya kuogopa

Hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili, kwa hiyo nivumilie.

Nilipata baka kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Nikaenda duka la dawa nililolizoea, nikauziwa tyubu "inayotibu kila kitu". Siku ya tatu mwasho umeisha, baka limefifia. Nikaacha kupaka, nikarudi kwenye mati nikijisifu. Baada ya wiki likarudi, nikapaka tena, likafifia tena. Tulicheza mchezo huo hadi baka likawa kubwa kama sahani ya chai, halina tena umbo la duara, limekuwa kama ukurutu. Kufikia hapo wanafunzi sita walikuwa nalo. Mmoja, beki wa raga aliyekuwa anajiandaa kwa mashindano ya raga ya Dala Sevens, alilificha chini ya soksi aliyoikata akaivaa mkononi. Nilipoivuta akasema, "Kocha, ni joto tu." Ni mimi niliyemwambukiza.

Klinikal ofisa mmoja alinikwangua magamba, akatia tone la dawa kwenye kioo, akatazama kwa hadubini. Kuvu tele. Akaniomba ile tyubu, akanionyesha maandishi madogo mgongoni: dawa ya kuvu, dawa ya bakteria, na betamethasone. Hiyo ya tatu ni steroidi. Inazima mwasho na wekundu, yaani inazima kengele, huku ikiupunguzia mwili nguvu ya kupigana na kuvu. Kuvu inaendelea kula kimyakimya, na umbo lake linabadilika hadi hata mtaalamu anaweza kulikosea.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, geuza tyubu usome. Ukiona betamethasone, clobetasol, dexamethasone, hydrocortisone au jina jingine linaloishia na "sone", irudishe kwenye kaunta. Muuzaji atakwambia ndiyo inayonunuliwa sana. Ni kweli, na ndilo tatizo lenyewe. Unachotaka ni tyubu yenye kitu kimoja tu: terbinafine au clotrimazole. Mimi napendelea terbinafine ingawa bei yake iko juu, kwa sababu kozi yake ni fupi, wiki moja hadi mbili, na vijana hawana subira. Clotrimazole inafaa kabisa lakini inataka wiki mbili hadi nne, mara mbili kwa siku. Mafuta ya Whitfield ni rahisi na yanafanya kazi. Yanachoma tu, na usiyapake usoni wala kwenye kinena.

Jinsi ya kupaka: osha, kausha kabisa, anza nje ya baka, sentimita mbili kutoka ukingoni, ukiingia ndani. Wengi hupaka katikati tu, mahali ambapo kuvu imeshahama. Na usiache siku baka linapopotea. Maliza kozi yote.

Kama tayari ulikuwa unatumia ile yenye steroidi, jiandae: ukiiacha, siku chache za kwanza mwasho na wekundu huzidi. Wangu ulizidi hadi nikaitafuta ile tyubu ya zamani usiku. Usirudi nyuma. Na kama ulipaka kwa wiki nyingi au baka limeenea sana, usijitibu, nenda ukaonwe. Huenda ukahitaji vidonge.

Choa cha kichwani ni kesi nyingine kabisa. Kuvu imeingia ndani ya unywele, krimu haiifikii. Vidonge vya wiki kadhaa kutoka kwa daktari, basi. Waulize pia wadogo zake nyumbani, maana ndio mara nyingi wenye nacho, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa inakisambaza mtaa mzima.

Jambo la mwisho hapa: kwenye ngozi yetu choa kikipona huacha alama nyeusi ya wiki kadhaa. Hiyo si ugonjwa. Kama hakuna magamba wala ukingo ulioinuka na kozi imekamilika, mwache mtoto acheze.

Hatua ya 4: Siku za kukaa nje

Nafuata kanuni za mieleka ya shule za Marekani kwa sababu ziko wazi. Choa cha mwilini: angalau saa 72 za dawa. Cha kichwani: siku 14 za vidonge. Bakteria: saa 72 za antibiotiki, hakuna kidonda kipya kwa saa 48, na hakuna kinachotoa maji. Herpes ya mara ya kwanza: siku 10 au zaidi, vigaga vyote vikiwa vimekauka, na daktari aseme. Plasta haifuti kanuni hizi. Bandeji hutoka dakika ya pili ya kukabana.

Hatua ya 5: Kuosha mati

Sabuni ya unga na maji kwanza, suuza, kisha dawa. Ukiruka sabuni, jasho na uchafu vinaimaliza nguvu dawa kabla haijagusa kiini cha ugonjwa. Natumia Jik, dawa ya klorini. Soma asilimia kwenye chupa yako. Yangu imeandikwa 3.5, kwa hiyo natia mililita 150 kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Turubai libaki limelowa dakika kumi, halafu suuza na uache milango wazi. Changanya upya kila siku, ya jana imeshapoa. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo: mvuke wake unaweza kuua.

Turubai liwe la plastiki, lile la kufunikia lori. La pamba hunywa jasho na halikauki. Likichanika, ziba siku hiyo hiyo. Na viatu: mtu asitoke chooni pekupeku akapanda mati. Weka patipati mlangoni.

Hatua ya 6: Kuoga

Mara baada ya mazoezi, sabuni ya kawaida, kila mtu na kipande chake na taulo lake. Sihitaji sabuni za dawa. Maji yakikatika, beseni na kata vinatosha. Ziwani usiende, kuna kichocho. Nguo za mazoezi zisikae kwenye mfuko hadi kesho. Fua, anika juani.

Hatua ya 7: Benchi

Kijana hafichi baka kwa sababu ni mjinga. Anaficha kwa sababu anajua ataachwa kikosini. Baada ya kile kisa cha soksi niliweka benchi karibu na mlango. Aliye nje ya mati anakuja kama kawaida, anashika saa, anahesabu pointi, anafanya mazoezi ya miguu kivyake, na jina lake linabaki kwenye orodha ya uteuzi. Kwenye daftari naandika tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya kurudi, anaweka sahihi. Yule beki alikaa siku nne. Siku ya tano alikuja mapema, akakunja mkono wa shati mwenyewe kabla sijawasha tochi.