Ukitaka kutafiti saratani ya damu, anza na tone moja

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haitulii. Mtoto wa jirani hapa Shangani, Mtwara, mpwa wa rafiki yangu wa Masasi, wote swali lao moja: "Shangazi, nifanyeje na mimi niwe mtafiti wa saratani ya damu kama wewe?" Wakisikia saratani ya damu wanawaza Marekani na mashine za mabilioni. Mimi nawauliza kama wameshawahi kutandaza damu kwenye slaidi.

Basi tuanzie hapo. Chukua damu iliyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile yenye dawa ya kuzuia isigande. Usiiache ilale. Ndani ya saa mbili iwe imeshatandazwa, maana dawa hiyo hiyo ikikaa nayo sana huanza kuzivuruga seli, na kesho utaandika umeona maajabu kumbe ni uvivu wako. Ipindue taratibu mara nane au kumi, usiitikise kama juisi ya ukwaju. Tone lisizidi punje ya mtama. Liweke karibu na ncha moja ya slaidi, chukua slaidi ya pili yenye ukingo laini, irudishe nyuma mpaka iguse tone, subiri damu itambae ukingoni, kisha sukuma mbele kwa mwendo mmoja, slaidi imeinama nyuzi 30 hadi 45. Mkono usisite. Ukisita unapata matuta kama ya shamba la muhogo. Unachotaka ni umbo la ulimi, zito mwanzoni, mwishoni jembamba kama bawa la kumbikumbi. Mgonjwa aliyepungukiwa damu sana, damu yake hukimbia kama maji, kwa hiyo mwinulie slaidi kidogo.

Utaharibu mia moja za kwanza. Mimi niliharibu zaidi.

Adui wa huku kwetu ni hewa. Kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe, slaidi inakataa kukauka, na methanoli ya kugandishia seli hunywa unyevu kutoka hewani. Nilipoanza kazi, kwenye maabara moja ya wilaya, niliwaandikia wagonjwa saba mfululizo kwamba seli zao nyekundu zina kasoro. Saba! Zote zilikuwa na vitundu vinavyong'aa. Mzee aliyekuwa akinisimamia hakusema neno, aliinua chupa yangu ya methanoli, akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Binti, kizibo kiko wapi?" Nilikuwa nimeziba kwa pamba. Tangu siku hiyo namimina ya kutosha kazi ya asubuhi tu, na chupa kubwa inafungwa papo hapo.

Rangi nayo ina lake. Wengi tumelelewa na Giemsa ya malaria, maji yake pH 7.2. Kwa vimelea ni sawa kabisa. Kwa seli nyeupe shusha hadi 6.8, punje za ndani ya seli ndipo zinasomeka.

Ukishaweka kwenye hadubini, usikimbilie lenzi ya mafuta. Anza na ya 10, pita pembeni na mkiani mwa slaidi, kwa sababu seli kubwa hupenda kukimbilia huko. Blasti, yaani seli changa ambazo hazikupaswa kutoka kwenye uboho, utazijua kwa kiini kikubwa kilichojaza seli nzima, laini, chenye kidoa kimoja au viwili vya mviringo ndani. Ukiona na vijiti vyembamba vyekundu, hivyo ni vijiti vya Auer, dalili ya saratani ya damu inayokwenda kasi. Acha chai yako, mwite mwenzako aone, kisha mpigie daktari hapo hapo. Hesabu seli nyeupe 200, usiishie 50 kwa sababu foleni ni ndefu.

Sasa rejista. Hapa ndipo mtu anapoacha kuwa msoma slaidi akaanza kuwa mtafiti, na ndipo wengi wanapopachukia.

Miaka ile ile alikuja mkulima kutoka Tandahimba, bandama imefika kitovuni, karatasi zake zinaonyesha ametibiwa malaria mara tatu na amekunywa vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, mpaka kachoka. Hakuna wa kulaumiwa sana, malaria sugu nayo huvimbisha bandama. FBP yake, yaani kipimo cha kuhesabu seli zote za damu, ilisoma seli nyeupe 180,000 kwa maikrolita, wakati mtu mzima wa kawaida hazivuki 11,000. Kwenye slaidi zilikuwepo seli za kila umri, changa kwa komavu, kama shule nzima imetoka mapumziko, na bazofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, nyingi kupita kiasi. Saratani ya damu ya mieloidi, yaani ya seli zinazozaliwa kwenye uboho, ile inayokwenda polepole. Nilipomuuliza alianza kuumwa lini, alisema wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho. Kufika kwetu, mnada wa tatu wa korosho ulikuwa umeshapita, yaani miezi imekatika.

Rejista ilikuwa na safu ya tarehe ya kufika. Safu ya siku alipoanza kuumwa haikuwepo. Nikaipiga mstari kwa rula. Tangu hapo kila mtu namuuliza kwa kalenda yake mwenyewe, kupalilia, salfa, mnada, Ramadhani, kisha nageuza kuwa miezi. Utafiti wangu wa kwanza ulitoka kwenye safu hiyo: ucheleweshaji unatokea wapi, nyumbani, zahanati au kwetu wenyewe. (Kuna kijana alinisikia nikieleza akaenda kusema nimegundua salfa inaleta saratani. Salfa kwangu ilikuwa kalenda. Jifunze kutenganisha mambo hayo mapema.)

Kabla hujaigusa rejista kwa utafiti, andika andiko lako, lipite kamati ya maadili, upate kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na uende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Inachosha. Fanya.

Shule nitaipitia haraka: PCB (fizikia, kemia na biolojia), udaktari miaka mitano, mwaka wa mafunzo kazini, kisha shahada ya uzamili miaka mitatu na ubobezi wa magonjwa ya damu juu yake. Mimi nilizungukia diploma ya maabara kwanza na sijutii.

Na soma waliotangulia, uone walivyofanya kazi. Peter Nowell wa Philadelphia alisuuza seli kwa maji ya bomba tu, zikavimba, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zikatawanyika na kuonekana. Mwaka 1960 yeye na David Hungerford wakatangaza kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa aina ile ile ya mkulima wangu. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya chakula nyumbani, akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinibu, kidonge kinachozima protini inayozaliwa na kosa hilo. Miaka 41 kutoka kwenye hadubini hadi kwenye kidonge.

Mkulima wangu alipelekwa Dar es Salaam akaanzishiwa kidonge hicho. Akija huku kupima, slaidi yake natandaza mwenyewe.

Ukitaka kuja kujifunza, njoo saa moja asubuhi kabla joto halijapanda. Kata kucha. Slaidi nitakupa. Pamba usilete.