Koki kubwa ya maji iko wapi kwa nyumba yako? Mwongozo wa fundi bomba wa Kampala

Paipu ikipasuka usiku watu wananipigia simu wakiwa wamesimama kwenye maji, na mimi swali langu la kwanza ni moja tu, umefunga koki ya nje, yaani ile kubwa ya karibu na mita? Wengine hawajui hata iko wapi, wengine wanasema nimefunga fundi lakini maji bado yanakuja, koki imekufa. Mara nyingi koki ni nzima kabisa, shida ni tangi, nitaeleza kule chini.

Hatua ya 1: tafuta mita

Kama maji yako ni ya NWSC, shirika la maji la Uganda, hawa tunaowaita National Water, anzia kwa mita maana koki inakaa karibu nayo. Angalia karibu na geti ama kando ya uzio upande wa barabara, ndani ya kisanduku, na kwa nyumba za kupanga utakuta mita zimepangwa pamoja na za majirani, hapo soma namba ya mita ulinganishe na ile ya kwa bili yako usije ukamfungia mtu mwingine maji.

Hauioni? Huenda imefukiwa. Mvua zetu hizi zinasukuma udongo mwekundu mpaka kisanduku kinapotea, ama mwenye nyumba ameweka pevazi akafunika kila kitu (hii inaniudhi sana bana). Tafuta bomba la nje la uani, ona paipu inaingilia wapi ardhini, kisha fuata mstari kuelekea barabarani. Chimbua na mwiko ama mkono, jembe wacha, paipu nyingi za chini ni za plastiki na zinakatika haraka.

Hatua ya 2: jua koki gani ni yako

Kwa mwili wa mita kuna mshale unaoonyesha maji yanaelekea wapi. Koki iliyo kabla ya mita ni ya National Water, hiyo usiiguse, na kama imefungwa na lakiri ndio kabisa. Iliyo baada ya mita, upande wa nyumba, hiyo ndiyo yako. Kuna nyumba haina koki baada ya mita, hapo mwambie fundi akuwekee moja ya shaba ya saizi ya paipu, kawaida nusu inchi ama robo tatu.

Hatua ya 3: ifunge bila kuivunja

Yenye mkono mrefu ni boli valvu. Mkono ukilala sambamba na paipu maji yanapita, ukikata paipu msalaba yamefungwa, robo ya mzunguko basi. Yenye gurudumu ni geti valvu, unazungusha kulia mizunguko kadhaa mpaka ikatae. Ikiwa ngumu usiiwekee spana kubwa na nguvu zote, ule mti wa ndani unakatika halafu gurudumu linazunguka bure huku maji yanapita. Ipeleke mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, polepole italegea. Ukifungua hiyo ya gurudumu, ifungue mpaka mwisho halafu irudishe robo, ndio isigande.

Hatua ya 4: jaribu, na hapa ndio penye kazi

Fungua bomba la nje kwanza uhakikishe maji yapo. Wale wa vilimani mnajua mchana presha inaweza kuisha kabisa, sasa ukijaribu saa hiyo utadhani koki imefunga vizuri kumbe paipu ilikuwa kavu. Maji yakiwepo, funga koki yako, acha bomba wazi kidogo, nenda uangalie mita. Kale kagurudumu kadogo ka pembetatu kwenye uso wa mita kanatakiwa kusimama tuli. Kakiendelea kuzunguka, ama koki haishiki ama kuna paipu inavuja katikati ya mita na koki.

Sasa ingia jikoni ufungue bomba. Likitoa maji kwa nguvu na haliishi, hayo ni ya tangi. Nyumba nyingi huku maji ya barabarani yanapanda kwanza tangini kupitia floti (koki ya boya inayojifunga tangi likijaa), halafu paipu nyingine inatoka chini ya tangi kushuka ndani. Ukifunga koki ya nje umezuia tangi lisijae tena, lakini yale ya juu bado yanashuka, na tangi la lita 1000 linaweza kumwagika lote sebuleni huku koki ya nje imefungwa vizuri kabisa. Kwa hivyo panda uangalie paipu inayotoka chini ya tangi, hapo lazima kuwe na koki yake. Kama paipu imepasuka ndani ya nyumba, anza na hiyo ya tangi halafu ndio ukimbilie ya nje. Kama koki ya tangi haipo mwambie mwenye nyumba aiweke kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Kwa nyumba za mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyojipanga mstari mmoja, koki moja inaweza kushika mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, waambie majirani kabla ya kufunga, kuna mtu yuko bafuni na sabuni kichwani.

Hatua ya 5: kurudisha maji

Kama una hita ya tangi, ulipofunga maji ulitakiwa kuizimia umeme pia, na usiiwashe mpaka ijae tena. Fungua koki polepole, huku bomba la uani liko wazi litoe hewa na matope kwanza, la sivyo uchafu wote unakimbilia kwa shawa na floti. Maji yakiwa safi funga bomba.

Mwisho angalia shingo ya koki. Ikidondosha matone kaza nati ya pale kidogo tu na spana. Yakidondoka kwa koki ya kabla ya mita, hapo wapigie National Water waje wenyewe.