Somo: kumwandikia wakala maelezo ya zana

Wiki hii nimeulizwa mara tatu kwa nini wakala wa akili unde (programu inayozungumza na watu na kuwafanyia kazi) huchagua zana, yaani kitendo ulichomwandalia akiite, isiyohusika, au huchagua iliyo sawa kisha huijaza upuuzi. Kabla hujabadilisha modeli, yaani ubongo wa wakala, yasome maelezo ya zana zako kama mtu aliyeshuka boti leo na hajui Lamu hata kichochoro kimoja.

Modeli haioni kodi yako, yaani msimbo wa programu. Huona jina la zana, maelezo, na orodha ya vigezo (nafasi za kujaza, kama saa au tarehe) na aina zake, basi. Mimi nilikuwa na wakala wa kutafutia abiria boti. Zana nikaiita "boti", maelezo nikaandika "Inashughulikia boti", nikalala nimeridhika.

Hatua ya 1: jina. Liseme kitendo. "boti" nikaigawa mbili: tafuta_safari_za_boti na weka_nafasi_ya_boti. Ya kwanza inasoma tu, ya pili inakata pesa ya mtu.

Hatua ya 2: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Hilo la tatu ndilo watu huliruka. Yangu sasa yasomeka hivi:

"Hutafuta safari za boti za abiria kati ya Mokowe, mji wa Lamu, Shela na Mtangawanda kwa siku moja. Itumie mteja akiuliza saa au nauli. Haiweki nafasi. Usiitumie kwa kukodi boti nzima, tumia omba_boti_ya_kukodi. Hurudisha saa ya kuondoka, nauli kwa shilingi na nafasi zilizobaki. Orodha tupu maana yake hakuna safari, si kwamba mtambo umeharibika."

Sentensi ya mwisho niliiongeza baada ya wakala kushinda siku nzima akiwaambia watu "kuna hitilafu, jaribu tena".

Hatua ya 3: vigezo. Hapa tukae kidogo, maana ndipo Mswahili anapoumia. Bibi mmoja aliandika: "nataka boti ya saa moja". Kwetu hiyo ni asubuhi, jua limeshatoka. Wakala akajaza 01:00, ambayo ni saa saba usiku, akamjibu hakuna boti. Bibi wa watu akaahirisha safari, na boti ilikuwepo. Kosa langu: maelezo ya kigezo yalikuwa "saa ya safari". Sasa ni:

"Saa ya kuondoka kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Wateja hutaja saa za Kiswahili: saa moja asubuhi ni 07:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza."

Mahali nako kuna mtego. Lamu ni kaunti, ni kisiwa, na ni mji. Pate ni kisiwa na ni kijiji ndani ya kisiwa hicho hicho. Usiache kigezo wazi. Weka orodha ya majina yanayokubalika ili modeli ichague humo. Tarehe iwe mwaka-mwezi-siku, na wakala apewe tarehe ya leo, la sivyo "kesho" ataibuni.

Hatua ya 4: ujumbe wa kosa. "Kosa 400" ni nambari tu, halimsaidii wakala. "Tarehe imepita, tuma ya leo au ya baadaye" linamrekebisha papo hapo.

Hatua ya 5: jaribu kwa maswali ishirini kama watu wanavyoandika kweli, bila nukta wala herufi kubwa. Angalia zana ipi imeitwa na imejazwa nini. Badilisha sentensi moja, rudia.

Maswali ya wanachama, kila mmoja kwa jina la mahali alipo

Malindi: Maalim, maelezo yawe marefu kiasi gani?
Sentensi tatu hadi sita. Husafiri na kila ombi, na tokeni zake (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) unazilipia. Ila kubana hadi maana ipotee ni ghali zaidi.

Shela: Kiswahili au Kiingereza?
Vyote hufanya kazi. Jaribu vyote kwa maswali yale yale. Kiswahili kwa kawaida hukatwa tokeni nyingi zaidi. Mifano ya maneno ya wateja iache kwa Kiswahili vyovyote iwavyo.

Mokowe: Nikiandika "usiweke nafasi bila idhini ya mteja", yatosha?
Haitoshi, ndugu yangu. Maelezo si kufuli. Kodi yenyewe ikatae mpaka mteja athibitishe.

Faza: Wewe unaandika saa kana kwamba bahari ina saa. Boti zetu hupita mlango wa bahari wa Mkanda, na maji yakipwa hazipiti.
Hapo umenishika, maana boti za Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, hupita huko. Nimeongeza leo: "Saa za Mtangawanda ni za kukadiria, hufuata maji kujaa. Mwambie mteja athibitishe na nahodha." Bado natafuta zana ya maji, mwenye jedwali la kujaa na kupwa la Lamu anitumie.