SOMO: Mkondo wa umeme bila volti ndani ya nyota ya nutroni

Habari wakuu. Wengi mmeulizia athari ya kirali ya sumaku, yaani mkondo wa umeme unaozaliwa na uga wa sumaku pale elektroni za "mkono" mmoja zinapozidi za mwingine. Ndiyo ile inayotajwa kila mazungumzo yakifika kwenye magneta, nyota za nutroni (mabaki yaliyoshindiliwa ya nyota kubwa) zenye uga wa sumaku mkali mno. Andaeni kalamu na karatasi. Hesabu yenyewe ni fupi. Kazi ipo hatua ya 4, na ndiyo watu huiruka.

Hatua ya 1: Tenga elektroni kwa mkono. Kunja vidole vya mkono wa kulia vifuate mzunguko wa spini (kule kuzunguka kwa asili kwa elektroni, kama pia), kisha tazama dole gumba. Likielekea elektroni inakokwenda, hiyo ni ya kulia. Likielekea kinyume, ni ya kushoto. Mgawanyo huu unashika kwa elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga. Zile za kwenye waya wa nyumbani ziacheni.

Hatua ya 2: Weka uga wa sumaku. Laza kalamu mezani, ncha yake ikuoneshe uga unakoelekea. Kwa kuwa chaji ya elektroni ni hasi, zile za ngazi ya chini kabisa ya nishati hulazimika kuelekeza spini kinyume na ncha. Unganisha na hatua ya 1: za kulia zitarudi nyuma ya ncha, za kushoto zitaifuata. Zikilingana idadi, zinafutana. Zikizidi za kulia, chaji hasi inakwenda kinyume na uga, maana yake mkondo unafuata uga. Hakuna betri hapo! Mwanafizikia Alexander Vilenkin aliliona hili mwaka 1980. Mwaka 2008 Fukushima, Kharzeev na Warringa wakaliandika hivi:

J = (e²/2π²) μ₅ B

J ni mkondo kwa kila eneo, e ni chaji ya elektroni, B ni uga wa sumaku. μ₅ ni nusu ya tofauti ya potensho ya kikemia (nishati ya kuongeza elektroni moja zaidi) kati ya za kulia na za kushoto (ħ, yaani kigezo cha Planck, na c, kasi ya mwanga, tumezifanya 1).

Hatua ya 3: Tafuta kinachovuruga usawa. Kiini cha nyota kubwa kinapoporomoka, protoni humeza elektroni, ikazaliwa nutroni na nutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji). Katika umezaji huu, kani dhaifu ya nyuklia hugusa za kushoto tu. Upendeleo wa aina hiyo ndio mwanafizikia Chien-Shiung Wu aliouonesha kwa kobalti-60 mwaka 1957. Za kushoto zinaliwa, za kulia zinabaki, mkondo unazaa uga, uga unaongeza mkondo. Mwaka 2014 Ohnishi na Yamamoto walipendekeza kwamba huenda magneta hupata hivyo uga wake wa gausi 10¹⁵. Wa Dunia ni nusu gausi hivi.

Hatua ya 4: Toa kinachopotea. Elektroni ina tungamo, MeV 0.511 (MeV ni kipimo cha nishati, elektronivolti milioni moja), na kwa sababu hiyo ikigongana na protoni inaweza kugeuka mkono. Kadiria: gawanya 0.511 kwa nishati yake, tuseme MeV 100, unapata kama 0.005. Zidisha kwa lenyewe: 0.000026, yaani mara moja katika migongano 40,000 hivi. Ni kidogo, ila kwenye msongamano ule migongano ni mingi kupita kiasi, na usawa hurudi upesi kuliko kani dhaifu inavyouvuruga. Ndivyo walivyoonesha Grabowska, Kaplan na Reddy mwaka 2015. Makala inayosifia magneta za kirali bila kugusa hesabu hii, mimi huiweka kando.

MASWALI

— Mkuu, imeshaonekana maabara?
Ndani ya fuwele, dalili nzuri zipo: zirkoni pentateluridi, kazi ya maabara ya Brookhaven, Marekani, iliyochapishwa 2016. Kwenye migongano ya viini vya atomu bado. RHIC, mashine ya kugonganisha viini iliyoko hapo hapo Brookhaven, waligonganisha rutheni-96 na zirkoni-96 mwaka 2018, na matokeo ya 2021 hayakuonesha ishara waliyokuwa wamejiwekea kabla.

— Shikamoo mwalimu. Kama μ₅ inafutika, somo lote si limekufa?
Marahaba. Limekufa upande wa elektroni, tena kwa njia hii moja. Nutrino tungamo lake ni dogo mno, haigeuki mkono kirahisi, na zote zinazotoka ni za kushoto. Ndiyo maana sasa watu wanazifuata hizo.

— Nutrino zinaweza kuisukuma nyota?
Piga hesabu. Supanova (mlipuko wa nyota kubwa inayoporomoka) hutoa nutrino zenye jouli 3×10⁴⁶. Gawanya kwa kasi ya mwanga: 10³⁸ kg·m/s. Asilimia 1 ikiegemea upande mmoja ni 10³⁶. Nyota ya kilo 2.8×10³⁰ itaondoka kwa kilomita 360 kwa sekunde, na pulsa (nyota za nutroni zinazozunguka zikituma mipigo ya redio) za mwendo huo zipo nyingi. Kigumu ni kuipata hiyo asilimia 1.