SOMO: Kubadilisha editeri ya mashini na kumaliza zile "Ã©" (someni mbele ya kuniandikia inbox)

Jambo banduku. Wiki hii peke yake batu sita balinitumia foto ya ekra ile ile: "République" imegeuka "RÃ©publique", na chini swali ile ile, "yaya, iyi ni virusi?" Haiko virusi. Antivirusi haitaitosha, kuformate mashini haitaitosha, na ule fundi wa pale Nyawera mwenye alikulipisha dola tano ju ya "kusafisha" alikula dola tano yako bure. Naandika mara moja hapa, nyuma ya leo atakayeniuliza nitamutuma tu huku.

Kwanza muelewe kidogo, maana bila hii hatua zote mutazifanya sawa batu banapiga bahati nasibu. Mashini haijui herufi, inajua namba tu. "é" katika mupango wa zamani wa Windows (kwa menu banauita ANSI, kwa Windows ya Kifaransa jina yake ya kweli ni Windows-1252) ni baiti moja (kipande kimoja cha namba), E9; hizi namba za mashini zinaandikwaka pia na herufi. Katika UTF-8, mupango wa siku hizi wa luga zote, ni baiti mbili, C3 na A9. Sasa fishie ya UTF-8 ukiifungua na programu yenye inazania ni ANSI, inasoma C3 peke yake inaandika Ã, inasoma A9 peke yake inaandika ©. Njo hiyo Ã© yenu. Na ikiwa kinyume, fishie ya ANSI kusomwa sawa UTF-8, ile E9 iko peke yake haina mwenzake, haina maana, programu inakuwekea losange nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani: �. Mushike hizi mbili kichwani. Ã© inaponaka. � ukiienrejistre, fishie imekufa.

1. Telecharge Notepad++ (editeri, ni kusema programu ya kuandika maandishi matupu) kwa site yake yenyewe, siyo kwa flashi ya mutu. Ni ya bure na nyepesi, hata mashini ya RAM giga 2 inaibeba.

2. Installe, chagua Français, "Suivant" mpaka mwisho.

3. Sasa kuifanya iwe njo inafungua .txt zote: klike droit juu ya fishie yoyote ya .txt, "Ouvrir avec", "Choisir une autre application", chagua Notepad++. Windows 10 utie alama kwa "Toujours utiliser cette application", Windows 11 ufinye "Toujours". Ukisahau hapo, kesho Bloc-notes, ile editeri ya Windows yenyewe, inarudi na wewe utakuja kusema somo yangu haitumike.

4. Ndani ya Notepad++: Paramètres, Préférences, Nouveau document, upande wa Encodage chagua UTF-8, ile ya tupu bila BOM (baiti tatu za alama mwanzoni mwa fishie), na utie alama kwa "Appliquer à l'ouverture des fichiers ANSI". Funga. Kuanzia leo kila kitu mupya utaandika itakuwa UTF-8.

5. Kugeuza fishie za zamani. HAPA MUTULIE.

Nisimulie yangu kwanza ndio mujue sisemi kwa vitabu. Masomo moja ya hapa Bukavu, sitaitaja, balinipatia liste ya wanafunzi kwa flashi, majina mia tatu na kitu, iliandikwa kwa mashini ya zamani na Bloc-notes ya Windows 7, basi ANSI. Mimi siku hizo nilikuwa najiona mukubwa wa informatike, nilikuwa natumia VS Code, editeri ya baprogramere, na VS Code usipoiambia kitu inazania kila fishie ni UTF-8. Nikafungua, nikaona Th�r�se, nikaona Beno�t, nikasema ah, ni affichage tu, itarudi. Nikaongeza wanafunzi wawili benye balichelewa kujiandikisha, Ctrl+S, nikafunga, nikaenda kula. Hiyo Ctrl+S njo iliua. Mbele ya kuenrejistre, ndani ya fishie é ilikuwa bado E9, è ilikuwa E8, ë ilikuwa EB, kila moja na namba yake. Nyuma ya kuenrejistre zote zimekuwa kitu kimoja, ile losange, na losange nayo iko na baiti zake tatu EF BF BD, basi hakuna programu duniani itajua ilikuwa nini. Mulikuwa Noëlla mu 3e na Noélla mu 5e, wazazi bao kila mutu aliandika namna yake, sasa bote babili ni No�lla. Na jina ya kwa liste njo inaendaka kwa diplome. Majina ya kwetu, Nsimire, Cirhuza, Bahati, ilibaki salama kabisa ju haina aksan, ni ya ubatizo njo iliharibika. Kopi ingine haikukuwa. Nilikaa usiku mbili na rejista ya karatasi, torshi ya telefone imeegemezwa kwa kikombe, courant haiko, nasoma maandiko ya mukono ya sekretere mumoja mwenye aksan zake zote ni kamustari kanalala, huwezi jua kanaenda kushoto ao kuume.

Basi:

Fanya KOPI ya fishie kwanza. Usinijibu "lakini nafanya mupole".

Ukiona � popote, USIENREJISTRE. Funga, ikikuuliza sema "Ne pas enregistrer". Kwa diski fishie iko bado muzima, ni macho ya programu tu yenye inakosea.

Menu "Encodage" ya Notepad++ iko na mafungu mawili na batu wengi hawaonake. Ya juu, zenye zinasema tu "ANSI", "UTF-8" na kadhalika, haigeuzi kitu ndani ya fishie, inaambia programu "soma hii sawa UTF-8". Ya chini, zenye zinaanza na "Convertir en", njo inageuza baiti zenyewe. Utaratibu ni huu na haubadilike: finya za juu mpaka aksan zionekane muzuri kwa macho yako, KISHA "Convertir en UTF-8", kisha enrejistre. Ukiconvertir wakati ekra iko bado inaonyesha Ã©, unapika uchafu ndani ya uchafu, é inakuwa "ÃƒÂ©". Mukiona hiyo ya herufi ine, jueni mutu alishapitia hapo mbele yenu.

6. Benye bako na Ubuntu ao Debian: `sudo update-alternatives --config editor`, chagua namba ya nano (editeri nyepesi ya terminali), imeisha. Programu zingine zinaangaliaka EDITOR, basi tia `export EDITOR=nano` chini ya ~/.bashrc. Kama umeshaingia mu vi, editeri ingine ya terminali, na huwezi kutoka: Esc, kisha `:q!`, kisha Entrée. Kugeuza fishie: `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 liste.txt > liste2.txt`. Majina mawili tofauti! Ukiandika liste.txt kila upande, terminali inamwaga fishie mbele ya iconv kuanza kuisoma, utabaki na baiti sufuri.

---

kadutu_fresh: mukubwa nimefanya yote haiendi

Mwandishi: Yote gani? Uliona alama gani, Ã© ao �?

kadutu_fresh: sijui nilishaenrejistre

Mwandishi: Soma tena namba 5.

mama_wa_sekretariati: Aksanti sana mwanangu. Miye naandikiaka wanafunzi memware kwa Word, hii yote inanihusu?

Mwandishi: Hapana mama, hapo uko salama. Fishie ya .docx inajibebea encodage yake ndani, Word haibahatishi. Shida inakuja wakati mwanafunzi anakuletea .txt ya kwa telefone: Word ikikufungulia kadirisha kanauliza "Encodage du texte", usifinye OK haraka, angalia kale ka-aperçu ka chini, chagua mpaka usome Kifaransa cha kweli.

ibanda_tech: Somo ya zamani hii. Bloc-notes iko UTF-8 yenyewe siku hizi, hakuna haja ya Notepad++.

Mwandishi: Najua. Tangu Windows 10 version 1903, ya mwaka 2019. Toka nyumbani sasa uingie cyber tatu za kwanza utakutana nazo, uhesabu Windows 7, kisha urudi hapa. Na hata Bloc-notes mupya haitakugeuzia zenye ziliandikwa zamani.

ibanda_tech: sawa usikasirike basi

Mwandishi: Sikasiriki.

nsimire_L2: Jambo yaya. Aksan zangu zimepona, lakini naandika hadisi za Kiswahili na kila "ng'ombe" imekuwa "ngâ€™ombe". Lakini hapo hakuna aksan, ni apostrofi tu. Ju ya nini? Na ju ya nini herufi za kawaida haziharibike kamwe?

Mwandishi: Swali ya muzuri, kaa nikueleze. Apostrofi ziko mbili. Ile ya klaviye, iliyosimama wima ('), ni ASCII, namba moja kwa mipango yote. Lakini ukiandika kwa Word, Word inaibadilisha kimya kimya inaweka ile ya kupinda (’), na hiyo kwa UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Ukizisoma na ANSI unapata â, €, ™. Njo ile uchafu yako, hesabu utaona ni tatu kabisa. Dawa ya haraka: mu Notepad++ Ctrl+H, tafuta ’ badilisha na '. Dawa ya kudumu: kwa Word, Options, Vérification, Options de correction automatique, uende kwa "Lors de la frappe", utoshe alama kwa guillemets.

Swali ya pili: ASCII iko na alama 128 tu, a mpaka z, namba, vituo. UTF-8 ilitengenezwa mwaka 1992 na Ken Thompson pamoja na Rob Pike, na baliipanga makusudi zile 128 zibaki baiti moja na namba ile ile ya zamani, ndio fishie zilizokuwako zisivunjike. Kwa hiyo Kiswahili chetu, chenye hakina aksan, kinapita kila mulango bila kuulizwa karatasi. Ni Kifaransa njo kinasimamishwa kwa barrière.

nsimire_L2: 😂😂 aksanti. Na "sœur"? Yangu imekuwa "s?ur".

Mwandishi: Ah, hiyo ni ingine. Alama ya kuuliza ya kawaida maana yake mutu aliienrejistre katika mupango wenye hauna ile herufi kabisa. ISO-8859-1 haina œ, Windows-1252 iko nayo. Hapo imeshapotea, andika upya na mukono. Kama ni "s?ur" tu na "c?ur" ni Ctrl+H mara mbili.

prof_wa_math: Mimi shida ni Excel. CSV (tablo ya maandishi matupu) iko sawa mu Notepad++, nikiifungua na Excel Ã© zinarudi.

Mwandishi: Ju unaifungua na klike mbili. Excel ikiona CSV bila BOM inazania ANSI. Usifungue hivyo: fungua Excel tupu, Données, "À partir d'un fichier texte/CSV", kwa origine ya fishie chagua "65001 : Unicode (UTF-8)". Ao mu Notepad++ uiconvertir "en UTF-8-BOM", ni fasi moja tu yenye BOM inanifurahishaka. Na uangalie separateur, Excel ya Kifaransa inatakaka point-virgule. LibreOffice yenyewe inakuuliza kila mara, kwa hiyo mimi CSV nafunguaka na LibreOffice.

panzi_mwana: kuna kakisanduku mu Windows kwa Région kanasema "Bêta : Utiliser le format Unicode UTF-8", nikitia alama yote inaisha?

Mwandishi: Inaweza kuisha, pamoja na ile programu ya compta ya mwaka 2008 ya boss wako. Kanagusa programu zote za zamani kwa mashini. Kwa mashini yako, jaribu. Kwa ya kazi, acha.

panzi_mwana: na nikiwa na klaviye QWERTY, É kubwa naandika namna gani? mashini yangu ni occasion ya Dubai

Mwandishi: Shika Alt, andika 0201 kwa namba za kuume, achilia. é ni 0233, Ç ni 0199, œ ni 0156.

panzi_mwana: haina namba za kuume, ni kadogo

mama_wa_sekretariati: Mwanangu fanya Windows+R, andika charmap, finya Entrée. Unachagua unakopie. Mimi niliandikaka hivyo mwaka muzima klaviye yangu ilipokufa é.

Mwandishi: Mama amenishinda hapo. Ao uongeze klaviye "Français" kwa Paramètres, Heure et langue, ila vidole vitapotea siku za kwanza, A itakuwa pa Q.

kadutu_fresh: nimesoma namba 5. ilikuwa �. sina kopi

Mwandishi: Hiyo fishie ulishaitumia mutu mbele ya kuifungua? WhatsApp, mail, yoyote? Ukituma sawa document, inaendaka na baiti zake sawa zilivyo.

kadutu_fresh: nilituma kwa WhatsApp ya chorale siku ya posho

Mwandishi: Telecharge ile ya kwa WhatsApp. USIIFUNGUE na kitu ingine, paka Notepad++. Chini kuume inaandika nini?

kadutu_fresh: ANSI. majina yote iko sawa 😭 na é na è

Mwandishi: Muzuri. Sasa, mbele ya kufinya kitu chochote?

kadutu_fresh: kopi

Mwandishi: Endelea.