Namna ya Kuwatambua na Kuwaainisha Streptokoka katika Maabara ya Wilaya

Kabla ya kutafuta kundi, thibitisha kwamba ulichootesha ni bakteria wa jamii ya streptokoka. Kwa rangi ya Gram, inayopakwa bakteria ili kuwatofautisha kwa hadubini, huonekana viduara vya zambarau vilivyopangana katika minyororo, ambayo hujitokeza vizuri zaidi kwenye kioteshi (chakula cha kuoteshea bakteria) cha majimaji kuliko kwenye sahani. Kisha tia koloni (kirundo cha bakteria walioota) kwenye tone la haidrojeni peroksaidi: stafilokoka, bakteria wengine wa duara, hutoa mapovu, streptokoka hawatoi. Usichote damu ya kioteshi pamoja na koloni, kwa kuwa chembe nyekundu nazo hutoa mapovu na zitakupotosha.

Hatua zinazofuata hutegemea sahani ya damu, yaani kioteshi kigumu kilichotiwa damu, na hapo ndipo maabara nyingi hujiponza. Tumia damu ya kondoo, takriban asilimia 5. Kwa sisi wa Dodoma, ambako kondoo si wa kutafuta mbali, sioni sababu ya kutumia damu ya binadamu iliyokwisha muda, ambayo huweza kuwa na dawa au kingamwili zinazozuia bakteria kuota, mbali na kumhatarisha mpimaji. Kinga damu ya kondoo katika hali safi, kisha itikise kwenye chupa yenye shanga za kioo hadi nyuzi za mgando zitoke. Unapopanda sampuli, choma kioteshi kwa kitanzi mahali kadhaa, maana mojawapo ya sumu zinazovunja chembe nyekundu huharibiwa na oksijeni, hivyo hufanya kazi vizuri zaidi chini ya uso wa kioteshi. Acha sahani kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24, ndani ya chombo kilichofunikwa chenye mshumaa unaowaka.

Kisha tazama jinsi chembe nyekundu zilivyovunjwa: duara angavu kuzunguka koloni ni aina ya beta, la kijani ni alfa, na pasipobadilika ni gama. Walio wengi wa beta hupangwa kwa herufi, kufuatana na sukari za ukuta wa seli, utaratibu uliotolewa na Rebecca Lancefield mwaka 1933. Kundi A, *Streptococcus pyogenes*, mwenye kuleta maambukizi ya koo yanayoweza kufuatiwa na homa ya baridi yabisi, kwa kawaida huzuiwa kuota na kidonge cha karatasi chenye dawa ya basitrasini kinachowekwa juu ya sahani. Kundi B, hatari kwa watoto wachanga, kwa kawaida halizuiwi. Kwa kuwa baadhi ya kundi C na G nao huzuiwa, thibitisha kwa kipimo cha kugandisha kwa kingamwili.

Kwa alfa tumia kidonge cha namna hiyo chenye kemikali ya optokini: eneo lisiloota bakteria lenye kipenyo cha milimita 14 au zaidi kuzunguka kidonge cha milimita 6 huashiria *Streptococcus pneumoniae*, ambaye pia huyeyuka katika chumvi za nyongo.